Mwalimu Aliyekataza Waridi

Ukitaka kutoka nje katika kipindi cha Mwalimu wetu wa Kiswahili, uliomba kwa shairi. Si shairi zima, maana huruma alikuwa nayo kiasi. Mshororo mmoja tu, wenye vipande viwili, kila kipande mizani nane, na vina vikae mahali pake. Mizani ni silabi, na yeye alizihesabu kwa kugonga dole gumba kwenye vidole vyake vingine, haraka kama mtu anayepukuchua mahindi, huku macho yamekukazia wewe.

Siku moja Elia, kijana mrefu wa dawati la nyuma, alisimama akiwa amebana magoti.

"Mwalimu nimebanwa sana, naomba niende nje."

Dole gumba likatembea. "Kipande cha kwanza tisa, cha pili saba," Mwalimu akasema. "Jumla umeipata, ila umeigawa vibaya. Na kina kiko wapi?"

Elia alifumba macho. Darasa zima tulikuwa tunamhesabia chini ya madawati. Ilikuwa miezi ile ya baridi, wakati Mlima Meru unajificha wiki nzima na watu wa mtaa wetu wa Sombetini wanavaa sweta juu ya sweta, lakini yeye alitokwa na jasho usoni.

"Mwalimu nimebanwa, eh," alisema hatimaye, "naomba niende nje, eh."

Mwalimu akahesabu, kisha akahesabu tena polepole, kwa makusudi, kama muuza nyama anayeangalia mizani akitumaini sindano itashuka. "Nane kwa nane," alisema. "Kina ni eh na eh. Ni shairi baya kuliko yote niliyowahi kusikia, lakini ni shairi. Kimbia."

Elia alikimbia. Baada ya hapo "eh" ilipigwa marufuku, ikaungana na vitu vingine vingi vilivyokatazwa katika chumba kile.

Walimu wengine wa kike pale shuleni tuliwaita Madam. Yeye alikataa. Alisema Madam ni mwenye duka la nguo mjini, anayekuangalia viatu kabla hajakuangalia uso. Yeye aitwe Mwalimu, basi. Tulikuwa kidato cha pili, umri ambao mtu hajui afanye nini na mikono yake, na tulimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja, jambo lililotuchosha sana.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na wakati wa mvua aliingia darasani na mabuti ya mpira kwa sababu ya tope la mtaa wetu, lakini midomo ameipaka rangi nyekundu kama anakwenda kwenye sherehe. Aliyavua mabuti mlangoni, akafundisha na soksi. Mkuu wa shule alimwambia mara kadhaa kwamba haipendezi. Mwalimu alimjibu kwamba akipenda anaweza kuja kudeki mwenyewe.

Kiswahili chake kilikuwa safi, lakini kilikuwa na mwendo wa Machame, kinapanda na kushuka kama njia za kwao. Hakuuficha. Katika darasa letu Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na sokoni. Nyumbani huyu alisema Kimeru, yule Kimaa, yule Kichaga. Mwanzoni kabisa, Elia huyohuyo alimuuliza kwa nini tusumbuliwe na mashairi wakati mashairi ni ya watu wa Pwani.

"Na wali?" Mwalimu akauliza.

"Wali umefanyaje, Mwalimu?"

"Mpunga nao ulianzia kwenye mgomba wa bibi yako? Mbona siku ya Krismasi unakula sahani mbili?"

Hapo mjadala ukafungwa, na hatukuufungua tena.

Kila Jumatatu tulitakiwa, kwa zamu, kuleta neno moja kutoka nyumbani au mtaani. Wavulana walileta maneno ya vijiwe vya bodaboda, mengine hayafai hata kuandikwa hapa, na yeye aliyapokea yote kwa uso mkavu, akayaandika ubaoni, akatuonyesha ni mizani ngapi. Alisema neno halina kosa lolote, kosa ni la anayelitumia hovyo. Siku moja Mkuu wa shule alipita dirishani, akasoma ubao, akarudi nyuma hatua kadhaa akasoma tena. Mwalimu alimkaribisha aingie atusaidie kuhesabu. Hakuingia.

Kwa njia hiyo ndipo tulipomjua Naserian. Alikuwa ametoka upande wa magharibi wa mlima, huko kwenye ng'ombe na mahindi, akawa anakaa kwa shangazi yake karibu na shule. Muhula wa kwanza wote hakufungua mdomo, kwa sababu siku ya kwanza alisema jambo fulani akakosea, na watu wakacheka. Jumatatu yake ilipofika alisimama akasema kwa sauti ndogo, "Kule."

Darasa likaangua kicheko. Mtu mmoja akauliza, kule wapi.

"Kwetu kule ni maziwa," Naserian alisema, akaketi.

Mwalimu aliweka chaki chini. Alikuwa na sura ya mtu aliyeokota kitu barabarani na hataki wengine wakione. "Rudia," alisema. "Kule ni maziwa? Basi huyu ana neno moja lenye mizani mbili na maana mbili, na nyinyi mnacheka na lenu la maana moja. Simama, Naserian. Tunga."

Ilichukua muda. Mwalimu aliketi juu ya meza, miguu inaning'inia na soksi zake, akasubiri bila kumhimiza. Kisha Naserian akasema:

"Nimetumwa kule kule, kuleta kule kwa yeyo."

Yeyo ni mama. Tukahesabu kwenye vidole, nane kwa nane. Safari hii tulicheka pia, lakini kilikuwa kicheko kingine, na Naserian naye alicheka pamoja nasi. Kuanzia siku ile kumnyamazisha ndiyo ikawa kazi.

Sasa nieleze kuhusu waridi. Mwalimu alikuwa amekataza vitu kadhaa katika mashairi ya mapenzi: mwezi, nyota, asali, na waridi. Alisema amesahihisha waridi kwa miaka mingi mpaka karatasi zinanukia. Kijana mmoja aliandika kwamba binti fulani ni ua la moyo wake. Mwalimu alimuuliza ua gani. Kijana hakujua jina la ua lolote. "Basi mpende kwa kitu unachokijua," Mwalimu akamwambia. Wiki iliyofuata kijana alimfananisha binti yule na chapati ya moto ya mtaa wa Levolosi, asubuhi ya baridi, iliyofungwa kwenye gazeti. Shairi lile lilibandikwa ukutani. Binti mwenyewe alikasirika, kisha nikasikia alilinakili.

Mimi nilileta waridi baada ya marufuku. Mwalimu alisoma mshororo wa kwanza kwa sauti mbele ya wote, akaguna, akasema, "Waridi tena. Huyu naye amelala." Watu walicheka, nikaketi. Ulimi wake ulikuwa hivyo. Hakuwahi kushika fimbo, na wengine wetu tuliona afadhali angeishika.

Kesho yake aliniita nje ya darasa. Sijui nani alimwambia.

"Mama yako anafanya kazi shamba la maua?"

"Ndiyo, Mwalimu. Anakata waridi."

"Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza, Mwalimu."

Aliniangalia, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Hakuniomba radhi, maana hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alisema, "Haya. Shule nzima wewe peke yako una leseni ya waridi. Ila niandikie lile la mama yako, usiniandikie la kwenye kadi."

Nikaandika. Gari la shamba lilimchukua mama kabla hakujapambazuka, likampeleka upande wa pili wa mlima. Vidole vyake vilikuwa na miiba midogo ambayo nilimtoa kwa sindano Jumapili mchana. Alijua majina ya nchi ambazo maua yale yalikwenda, na hakuna mtu aliyewahi kumpa hata ua moja. Mshororo ambao Mwalimu aliupenda ulikuwa huu: "Waridi lapanda ndege, mama yupo kwenye tope." Aliupigia mstari kwa wino wa kijani, akaandika pembeni, "Sasa umeamka." Mama nilipomsomea alisema shairi ni zuri ila na yeye angependa siku moja nimtunge akiwa msafi.

Usidhani Mwalimu alikuwa mtu wa msimamo katika kila jambo. Alitufundisha kwamba shairi halisemi uongo, lakini yeye mwenyewe alidanganya vizuri sana. Kila darasa aliliambia kwamba ndilo bovu kuliko yote aliyowahi kufundisha. Siku za mechi kubwa aliumwa jino, na watoto waliopita kibanda cha mpira walimwona akiwa mstari wa mbele, jino limepona, akimtukana mwamuzi kwa vina. Kanisani kwao, kwa Walutheri, aliombwa kwa upole aache kwaya. Kuimba hakujua, lakini si hilo lililomtoa. Kila wimbo mpya ulipoletwa mazoezini aliinua mkono kusema ubeti wa pili umezidi mizani, na wakiimba pale palipozidi alikohoa. Mwalimu wa kwaya alivumilia mpaka akamwona anakohoa hata ibadani.

Alipenda mashairi kuliko kitu chochote nilichoona mtu mzima akikipenda, na bado akisikia mtu anaghani kwa kujidai, macho yamefumbwa na mkono kifuani, alitoka nje. Alisema anahisi kama anaangaliwa akioga.

Yote haya yangebaki vichekesho vya shule kama isingekuwa mahafali ya kidato cha nne mwaka ule.

Kila mwaka kidato cha pili ndicho kilichosoma shairi la kumkaribisha mgeni rasmi. Safari hii alikuwa anakuja mkubwa kutoka halmashauri, na Mkuu wa shule alikuwa na wasiwasi mwingi. Majengo yote yalipakwa rangi ya maziwa juu na kahawia chini. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Mkuu alimwambia Mwalimu mbele yetu kwamba anataka shairi la pongezi, lenye heshima, lisilozidi beti nne.

"Heshima itakuwepo," Mwalimu alisema. "Na mizani."

Akatuletea kazi ile darasani. Tukaanza kutupa mishororo: mgeni wetu ni taa, mgeni wetu ni nguzo. Mwalimu alisikiliza akiwa amekunja uso. Kisha akauliza, "Akija huyo mgeni, mngependa aone nini?"

Wasichana tukaangaliana. Vyoo vyetu, vya wasichana, havikuwa na milango tangu tulipoingia kidato cha kwanza. Ukienda ulikwenda na mwenzako, yeye akasimama mbele amekushikia sweta lake kama pazia, kisha mkabadilishana. Wengine hawakunywa maji kutwa nzima. Wengine siku zao za mwezi zikifika walibaki nyumbani. Jambo hili hatukuwa tumewahi kulisema mbele ya wavulana.

Naserian ndiye aliyesema. Hakusema kwa maelezo, alisema kwa mshororo, na nadhani ndiyo sababu aliweza: "Tunashikiana sweta, choo hakina mlango."

Hakuna aliyecheka, hata Elia. Mwalimu alihesabu vidole vyake polepole sana, ingawa alijua jibu. "Hicho ni kibwagizo," alisema. "Haya, tukijengee nyumba."

Mazoezi tulifanya kwa siri kwenye kiwanja cha nyuma. Mkuu alipokaribia tuliimba shairi jingine, la nguzo na taa, ambalo Mwalimu alilitunga kwa kazi hiyo tu, na ambalo kwa kweli lilikuwa bovu kwa ustadi mkubwa. Mkuu alilipenda. Aliomba nakala.

Siku ilifika. Wazazi walijaa chini ya maturubai, akina mama na vitenge, wazee na makoti ya suti. Mgeni rasmi aliketi kwenye kochi lililoazimwa mahali, mbele yake maji ya chupa na maua ya plastiki. Tukapanga mstari, mimi na Naserian katikati. Mwalimu alichukua kipaza sauti, amevaa viatu vya kisigino kwa mara ya kwanza tangu tumjue.

"Mgeni rasmi, wazazi," alisema, "shairi bila waitikiaji ni kama chai bila kikombe. Mshororo wa mwisho wa kila ubeti tutaimba wote. Watoto watauimba kwanza, kisha sisi tunarudia. Tafadhali tusiwaangushe watoto."

Watu wakapiga makofi. Naserian akaanza:

"Karibu mgeni wetu, hotuba si ndiyo lengo,
Tembelea shule yetu, utazame kila jengo,
Nje tumepaka rangi tu, ndani kumebaki pengo,
Tunashikiana sweta, choo hakina mlango."

Sauti yake ilikuwa tamu, na watu walikuwa tayari kuitikia kabla hawajasikiliza. Turubai lote likarudia, wazazi mia na ushee, kwa furaha. Mgeni rasmi naye, ambaye alikuwa mtu mchangamfu, alikuwa akipiga kidole kwenye mkono wa kochi na kuimba kwa sauti nzito kwamba wanashikiana sweta na choo hakina mlango. Katikati ya neno mlango nilimwona akisikia anachokiimba. Mdomo ulibaki wazi. Lakini kibwagizo kikishaanza hakina breki. Ubeti wa pili ulipoisha akina mama walikuwa wamesimama, na waliimba sasa wakijua wanaimba nini. Mama yangu alikuwa kati yao. Ubeti wa tatu baadhi yao walikuwa wanafuta macho. Kibwagizo cha ubeti wa nne hatukukiimba sisi, walikiimba wao.

Mgeni rasmi alipokuja kuhutubia aliweka karatasi yake mfukoni. Alisema anaomba aonyeshwe hilo jengo. Akatoka chini ya turubai, wazazi nyuma yake, Mkuu wa shule pembeni akijaribu kumwelekeza maabara.

Jumatatu tuliitwa ofisini, mimi na Naserian. Mkuu alikuwa amesimama, mikono nyuma. Aliuliza nani ameandika. Kabla hatujajibu Mwalimu aliingia bila kubisha hodi.

"Nimefundisha mimi," alisema. "Ukitaka kukagua mizani, iko sawa yote."

"Sizungumzii mizani."

"Unazungumzia choo? Basi sote tunazungumza jambo moja."

Mkuu aliketi. Alikuwa mtu wa kupayuka, lakini safari hii sauti yake ilishuka. "Unadhani mimi sijui? Nina binti wa umri huu. Nimeomba milango, nikaletewa rangi. Nikaomba tena, wakaleta rangi ya kumalizia."

Hilo lilikuwa jambo geni kwa Mwalimu, na nililiona likimkaa vibaya usoni.

"Mbona hukutuambia?" aliuliza.

"Ningewaambia wanafunzi?"

"Tungekuwekea ubeti wako."

Mkuu aligeukia dirisha, mabega yakitikisika kidogo, na mpaka leo sijajua kama alikuwa anacheka. Akatuambia turudi darasani. Hatukuadhibiwa.

Milango ilikuja kabla ya muhula kwisha, ya mabati, kila mmoja na komeo lake la ndani. Siku ya kwanza wasichana walipanga foleni hata wasiokuwa na haja, ili tu wasikie komeo likilia. Naserian alikaa humo ndani mpaka tukamgongea. Alisema anapumzika.

Barua ya uhamisho ya Mwalimu ilikuja baada ya milango. Ilisema anahitajika shule nyingine, juu mlimani, mara moja. Hakuna mtu aliyesema ni kwa sababu ya shairi. Mkuu wa shule, nasikia, alikwenda mjini kumtetea akarudi mikono mitupu. Kilichotuuma ni kwamba ulikuwa mwaka wetu wa mtihani wa kidato cha pili, na yeye alikuwa amebakiza sehemu ambayo alisema ndiyo tamu. Alikuja kipindi cha mwisho na mabuti yake, akayavua mlangoni kama kawaida, akatuonya tusithubutu kumtungia shairi la kumuaga.

"Mkileta nitalisahihisha," alisema.

Naserian alileta. Mwalimu aliketi mezani akalisoma mbele yetu, akatoa kalamu ya kijani, akalisahihisha kweli, mshororo kwa mshororo, machozi yakidondoka kwenye karatasi na yeye akiyafuta kwa mkono wa sweta ili yasiharibu wino. Alama alizotoa hazikuwa nzuri. Naserian, ambaye leo ni muuguzi upande wa Monduli, anasema hajawahi kupewa kitu kizuri kama kile, na kwamba bado anaona mshororo wa tatu ulionewa.

Miaka ikapita bila mimi kumwona. Nilikuja kupata kazi ambayo hakuna mzazi anayemwombea mwanawe: natunga na kurekodi yale matangazo ya spika yanayorudiwa mbele ya maduka kutwa nzima, mpaka majirani wanaanza kuchukia viatu. Siku moja mwaka jana nilikuwa Kwa Mrombo, kwenye duka la mteja wangu, nikirekebisha spika iliyokuwa inakwaruza. Nikasikia mtu mlangoni anamwambia muuzaji, "Nani ameandika hiki kitu kinachopiga kelele?"

"Dada huyo hapo. Kwani vipi, mama?"

"Kimezidi mizani moja."

Niligeuka. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, lakini midomo ilikuwa myekundu ileile. Spika ikaanza tena, kwa sauti yangu mwenyewe: njoo mama, njoo baba, viatu vimeshuka leo.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema.

"Marahaba. Sema vyashuka, usiseme vimeshuka. Mtu amekula chakula chake kisha anapigwa na mizani tisa barabarani, unataka avimbiwe?"

Kisha akanikumbatia, palepale kati ya masanduku ya viatu, akanishika kichwa kama tikitimaji analotaka kununua. Nyuma yake alisimama mzee mmoja mrefu, mkimya, ameshika kikapu cha mboga na kuku hai miguu juu.

"Huyu ni mume wangu," Mwalimu alisema.

Nilijua alikuwa mjane tangu enzi zetu, kwa hiyo nilishangaa, na naye alifurahi kuona nimeshangaa. Nikamwamkia mzee. Akaitika marahaba mwanangu, akaniuliza kama nimekula.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwao, juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa. Mzee alikuwa Mmeru wa hapohapo, dereva mstaafu wa greda; barabara nyingi za milima ile aliwahi kuzikwangua yeye. Walinilisha mtori na maziwa mgando. Baada ya chakula mzee alihamia kwenye kiti chake kibarazani, akaweka kofia usoni, akatulia.

"Mashairi yanamlaza," Mwalimu alisema. "Nikianza tu kusoma, anakoroma kabla ya kibwagizo."

"Na wewe unavumilia?"

"Mwanangu, tangu ujana wangu wanaume wanaonijia wanakuja na vina. Wamefumba macho, mkono kifuani. Huyu tulikuwa majirani tu. Mbuzi wake akaingia shambani kwangu. Nikamtungia ubeti wa malalamiko, nikampelekea, nikawa nasubiri anijibu kwa ubeti, maana wote wanadhani wanaweza. Jioni nikamwona getini na ile karatasi. Akaniambia, mama, nimesoma mara mbili, lakini sijaelewa. Mbuzi amefanya nini?"

Alicheka kimyakimya, mkono mdomoni, asimwamshe.

"Nikamweleza. Kesho yake akaja na nguzo na misumari, akanizungushia uzio. Hakusema neno. Nilimtazama mpaka akamaliza, nikaona mtu kama huyu sitampata tena."

Nilimwomba anisomee ubeti wenyewe. Alimwangalia mzee chini ya kofia, akavuta kigoda karibu yangu, akashusha sauti:

"Mbuzi wako kaja kwangu, asubuhi bila hodi,
Kavila viazi vyangu, amekula kwa juhudi,
Sina ugomvi mwenzangu, kukwambia sina budi,
Mfunge kamba jirani, mbuzi wako mkaidi."

Kuku mmoja alipita kibarazani.

"Majani," kofia ikasema.

Mwalimu aligeuka. "Nini?"

"Alikula majani. Viazi vilikuwa chini ya udongo. Mbuzi hachimbi."

"Hilo ni shairi, Mzee wangu. Haliwezi kubeba kila kitu."

"Sawa. Lakini viazi tulivichimba pamoja mwezi wa saba. Tulikula sisi."

Mwalimu alifungua mdomo kumjibu, akaufunga. Niliona midomo ile myekundu ikianza kusogea bila sauti. Kisha akasema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu, "Kayala majani yangu." Akarudia. Mizani nane. Kina kilekile. Ilikaa vizuri kuliko mwanzo.

Aliitazama kofia ile.

"Mzee," alisema.

"Naam."

"Lala."